Cheni mpya inaruka nikikanyaga: nibadilishe nini, na giya zipi zinafaa kwa barabara za Dar?

#1 MtotoWaTegeta

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri wa wanaozijua baiskeli za mbio, maana nimepita kwa mafundi kadhaa na kila mmoja ana lake.

Baiskeli ni ya mtumba kutoka Ulaya, fremu ya alumini, vifaa ni Shimano 105 ya giya 10 nyuma. Mbele kuna sproketi mbili, za meno 53 na 39. Kaseti, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, ni 12-25: ndogo kabisa ina meno 12, kubwa kabisa 25. Siku za kazi natoka nayo Tegeta kwenda Posta alfajiri, na Jumamosi tunatoka kikundi: wiki nyingine Bagamoyo, wiki nyingine tunapita Gongo la Mboto tunapanda Pugu mpaka Kisarawe.

Cheni iliyokuja na baiskeli ilikuwa imechoka, fundi akaweka mpya. Tangu hapo nikikanyaga kwa nguvu cheni inaruka, hasa ikiwa kwenye meno ya kati ya nyuma. Kwenye meno makubwa kabisa imetulia. Juzi imeruka pale Mwenge taa zilipowaka kijani, nimesimama juu ya pedeli, daladala iko nyuma yangu. Nilishika usukani kwa bahati tu.

Fundi wa kwanza anasema cheni ni feki. Mwingine anasema mkono wa giya, ule wa nyuma unaohamisha cheni, umepinda. Mwingine kaniambia nitoe kila kitu, mbele na nyuma, niweke kranki (mikono ya pedeli na sproketi zake) ya 50/34 kwa sababu ndiyo wanayotumia watu siku hizi. Hiyo inanivutia kwa sababu Pugu inanimaliza magoti, lakini ni hela ya kujipanga. Nianzie wapi?

#2 FundiGololi

Mdogo wangu, pole kwa ya Mwenge. Kabla ya yote, acha kusimama juu ya pedeli barabarani mpaka tatizo hili liishe. Cheni ikiruka wakati uzito wako wote uko kwenye mguu mmoja, mguu unatumbukia na kifua kinalalia usukani. Kwenye msongamano wa asubuhi hilo si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Kwa dalili ulizotaja, cheni yako haina kosa na mkono wa giya hauna kosa. Mkono ukipinda, giya zinasumbua karibu zote: zinapanda bila kuombwa, zinashuka bila kuombwa, hata ukikanyaga taratibu. Wewe inaruka kwenye meno ya kati tu, tena ukiongeza nguvu. Kaseti imeliwa hapo. Mtu wa 53 mbele kwenye barabara tambarare anashinda kwenye 17, 19 na 21. Meno ya 23 na 25 hayaguswi mpaka mlima, ndiyo maana bado yanashika.

Nieleze inavyokuwa, maana ukilielewa hili hutadanganywa tena. Cheni zote hizi, kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Watu wanasema cheni imevutika, lakini chuma hakijavutika. Pini na matundu inamozunguka vinasagika, kila kiungo kinapata uwazi mdogo, na kwa kuwa viungo ni zaidi ya 100, cheni nzima inarefuka. Cheni iliyorefuka haikai chini kwenye bonde la meno. Inapanda na kusukuma jino karibu na ncha, na jino linalika kufuata umbo hilo. Cheni na kaseti vikichakaa pamoja vinaendana, kwa hiyo cheni ya zamani ilikuwa hairuki. Leta mpya yenye kipimo sahihi: inakuta mabonde yamepanuka, haipati pa kushika, inapanda na kuruka.

Kwa hiyo nunua kaseti. Cheni mpya ibaki, haijaumia kwa muda mfupi huo.

Sproketi za mbele usiziguse bado. 53 ina meno mengi, mzigo unagawanyika kwa wengi, na inazika kaseti kadhaa kabla haijaisha yenyewe. Ziangalie tu kwa pembeni kwenye mwanga: jino zima lina pande mbili zinazofanana. Likianza kuinama upande mmoja na kuchongoka kama pezi la papa, au cheni ikigoma kuachia sproketi chini ukikanyaga, hapo tutazungumza.

Ya giya zipi, nijibu kwanza swali hili: ukiwa peke yako, upepo usoni, unashika mwendo gani? Na kwenye kikundi?

#3 MtotoWaTegeta

Nashukuru sana, mkuu. Hiyo ya kuruka kwenye meno ya kati tu hakuna aliyewahi kunieleza.

Peke yangu upepo ukiwa usoni ni 26 hadi 28. Hewa ikitulia nafika 30. Kwenye kikundi tunakwenda 33 mpaka 35 kwenye tambarare, zaidi ya hapo nashika gurudumu la mbele kwa shida.

Na nitajuaje siku nyingine kwamba cheni imefika mwisho kabla haijaila kaseti mpya?

#4 FundiGololi

Rula ya chuma inatosha. Usitumie tepu ya fundi cherehani, ile ndiyo inayovutika kweli.

Kaza cheni kwa kukanyaga pedeli kidogo huku umeshika breki ya nyuma. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, halafu hesabu nafasi 24. Kwenye cheni mpya utaangukia milimita 304.8. Ikifika 306.3 imerefuka nusu asilimia, na kwa wenye giya 11 na 12 hapo ndipo pa kuitoa. Ya kwako ya giya 10 unaweza kuisogeza mpaka robo tatu ya asilimia, 307 na kidogo. Ikifika 308 umechelewa: asilimia moja imetimia na kaseti imeondoka nayo. Kuna vipimo maalumu vidogo vya bati vya kuchomeka kwenye cheni, ni vizuri na ni vya haraka, ila rula haidanganyi.

Fanya hivyo kila mwezi, ukiwa umekwishaisafisha. Kaseti moja nzuri inagharimu cheni mbili au zaidi. Anayetoa cheni mapema anaitumia kaseti ileile kwa cheni mbili, tatu. Anayeingoja mpaka iruke ananunua vyote kila mara.

#5 UpepoWaKusi

Ya kaseti namuunga mkono FundiGololi mia kwa mia. Mimi nachangia ya giya, kwa sababu naona watu wengi wakishaumwa magoti Pugu wanakimbilia kaseti ya 11-32 au 11-34, halafu siku sita za wiki wanateseka.

Kilima cha watu wa Dar ni upepo. Barabara ya Bagamoyo inafuata pwani kwenda kaskazini. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, unakwenda upepo uko usoni na unarudi unasukumwa. Kusi ikiingia mambo yanageuka: asubuhi unafika Bagamoyo umefurahi, unadhani una miguu mipya, ukigeuza baiskeli jua limeshapanda na upepo uko kifuani mpaka Bunju. Hapo haikusaidii kuwa na jino la 34 nyuma. Unachohitaji ni meno yaliyokaribiana, ili upepo ukiongezeka kidogo upunguze giya kidogo.

Kaseti yako ya 12-25 ni 12, 13, 14, 15, 16, 17, 19, 21, 23, 25. Hiyo 16 ni dhahabu. Kaseti nyingi pana za giya 10 zinaitoa. Ukiwa kwenye 15 unazungusha miguu mara 90 kwa dakika, ukashuka moja kwa moja kwenye 17 kwa mwendo uleule, miguu inatakiwa izunguke mara 102. Ukiwa na 16 inakuwa 96 tu. Baada ya saa mbili kwenye upepo tofauti hiyo unaisikia mgongoni na mapajani. Mimi ningemwambia arudie 12-25 ileile, Pugu ajifunze kupanda.

#6 DadaWaMsasani

Kaka Upepo, heshima yako, lakini hiyo ya kujifunza kupanda siikubali. Goti halijifunzi kubeba giya nzito. Goti linavimba.

Tufanye hesabu, maana inafanyika kwa simu. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa tairi la 700x25 ni kama mita 2.1, kisha zidisha kwa mizunguko ya miguu kwa dakika na kwa 60; ukigawanya kwa 1000 unapata kilomita kwa saa. Giya ya chini ya mtoa uzi ni 39/25. Miguu ikizunguka mara 60 tu kwa dakika, ambayo tayari ni kukanyaga kwa nguvu, anatakiwa awe kwenye kilomita karibu 12 kwa saa. Kama kilima kinamshusha chini ya 12, miguu inaanguka 50, inaanguka 45, na kila mkanyago unabebwa na goti. Kwa 34/28 mizunguko hiyohiyo 60 inampa kilomita 9 kwa saa. Anakaa, anapumua, anafika Kisarawe na kesho yake anakwenda kazini.

Upande wa juu nako tuwe wakweli. 53/12 kwa mizunguko 90 ni kilomita 50 kwa saa. Mtoa uzi amesema kikundi kinakwenda 35. Jino la 12 analitumia akiteremka, na akiteremka hahitaji hata kukanyaga.

53/39 ilikuwa ya kawaida kwa wanaolipwa kupanda baiskeli. Hata wao wamehama. Shimano walipotoa Dura-Ace, vifaa vyao vya juu kabisa vya mbio, ya giya 12 mwaka 2021 hawakuweka 53/39 kabisa: iko 50/34, 52/36 na 54/40, na kaseti zake zinakwenda mpaka 30 na 34 nyuma. Wale ni watu wenye mapafu na miguu ya kazi hiyo, na bado wamepewa giya laini za kupandia. Sisi tunaotoka ofisini tunaona aibu gani?

Mimi nilipoacha 39 nikaweka 50/34 nimerudi kupenda vilima. Makongo Juu, Goba, Kimara kwenda Mbezi, napita kokote bila kuhesabu kwanza.

#7 UpepoWaKusi

Dada, ya goti nimekuelewa na siibishi. Mtu akiumia amepoteza msimu. Ila angalia gharama: kranki mpya, pengine na beringi za katikati za aina nyingine, mkono wa giya wa mbele kushushwa, cheni kupimwa upya. Kijana ameuliza aanzie wapi kwa hela ndogo.

#8 FundiGololi

Mmeongea vizuri wote wawili na mmenirahisishia kazi.

Kijana, kaseti lazima ununue. Hiyo hela inatoka kwa vyovyote, kwa hiyo tafuta kilima chako humohumo kabla ya kugusa kranki.

34 kwa 25, yaani kranki ndogo na kaseti yako ya zamani, ni 1.36. 39 kwa 28, yaani kranki uliyonayo na kaseti ya 12-28, ni 1.39. Tofauti haifiki asilimia 3, mguu hautaiona. Ukipata 12-30, 39 kwa 30 ni 1.30, umeshaipita hata ile kranki ndogo. Umefika alipokusudia yule fundi wa kubadili kila kitu, na kranki yako iko palepale.

Na kwa taarifa yako, usidanganywe kwamba utatoa 39 peke yake ufunge 34 kwenye kranki hiyohiyo. Kranki za 53/39 za aina yako matundu ya bolti tano yako kwenye duara la milimita 130, na sproketi ndogo kabisa inayokaa hapo ni ya meno 38. 34 inataka duara la 110. Ni kranki nyingine kabisa.

Sasa hoja ya Upepo kuhusu 16, ambayo ni hoja ya kweli. 12-28 ya giya 10 inakwenda 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 23, 25, 28. 16 haimo. Lakini 53/16 kwa mizunguko 90 ni mwendo wa kilomita 37 na nusu hivi. Anayekwenda hapo ni Upepo na wenzake wa mbele. Wewe umesema peke yako uko 26 hadi 30, kikundini 33 hadi 35. Tazama unapoangukia kwa mizunguko 90: 53/23 ni 26, 53/21 ni karibu 29, 53/19 ni karibu 32, 53/17 ni 35. Meno yote unayoyahitaji kwenye upepo yamo na yamekaribiana. Ungekuwa unashika 38 kwa saa nzima ningekuambia urudie 12-25 bila kusita.

Kwa hiyo kila mmoja aanze na mwendo wake mwenyewe kwenye barabara yake, ndipo aende dukani. Nimefungua baiskeli nyingi za watu zenye jino la 11 linalong'aa kama lilivyotoka kiwandani, na 19 imebaki vijiti. Mwenye baiskeli ananunua kaseti nyingine ileile, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Kabla hujalipa, angalia mambo haya. Mkono wa giya wa nyuma una mwisho wake. Mikono mifupi ya Shimano ya barabarani ya kipindi hicho iliandikiwa jino kubwa la 27 au 28, kutegemea toleo. Namba ya toleo imechapwa nyuma ya mkono, itafute kwenye karatasi za Shimano mtandaoni. 28 kwa kawaida inapita, hata kwenye ile iliyoandikiwa 27, kwa kurekebisha skrubu moja. 30 usiijaribu bila kuthibitisha. Karatasi hizo zina namba nyingine pia, ya urefu wa cheni ambao mkono unaweza kuuvuta: toa 39 kwenye 53, unapata 14, toa 12 kwenye 28, unapata 16, jumla 30. Linganisha na iliyoandikwa.

Cheni nayo: hiyo mpya fundi aliikata kwa kipimo cha 25. Ukifunga 28 inaweza kuwa fupi. Jaribu taratibu baiskeli ikiwa imening'inizwa, usiingie nayo barabarani. Ukiipandisha kwenye 53 na 28 kwa pamoja na mkono wa giya ukanyooka wote ukawa umevutwa kabisa, ni fupi, na siku ukikosea giya itang'oa mkono na kuvunja spoku. Namna ya kuipima upya: zungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na jino kubwa la nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa giya, tafuta pale inapoweza kuunganika, halafu ongeza inchi moja, yaani nafasi mbili za pini. Hapo ndipo pa kukata.

#9 MkaziWaBuguruni

Samahani naingilia uzi wa mwenzangu. Yangu ni ya zamani zaidi, giya 7 nyuma, na inaruka vilevile. Dukani nimeulizwa ni kaseti au friwili nikashindwa kujibu. Naangaliaje?

#10 FundiGololi

Karibu, ndugu, haujaingilia. Inua gurudumu la nyuma na uzungushe meno kinyumenyume huku ukitazama katikati, pale kifunguo kinapoingia. Pale katikati pakizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Pakibaki pametulia na meno yanazunguka peke yake, ni friwili, imefungwa kwa nyuzi kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu.

Friwili inatoka nzima kwa kifunguo chake chenye umbo la kuingia mle ndani, na inataka nguvu, kwa sababu kila ulipokanyaga ulikuwa unaikaza. Bana kifunguo kwenye jiliwa, halafu zungusha gurudumu lote kinyume cha saa kama usukani wa lori. Unapofunga mpya, paka grisi kwenye nyuzi na anza kwa mkono. Ikianza kukaza mapema, toa uanze tena, usilazimishe. Nyuzi za habu ya alumini zikiliwa, umenunua gurudumu.

Cheni ya giya 7 na 8 ni ileile, pana, na ni ya bei nafuu. Usiuziwe ya giya 10, ni nyembamba kuliko unavyohitaji na ni ghali.

#11 MkaziWaBuguruni

Pametulia, meno yanazunguka peke yake. Kumbe friwili. Ahsante sana mzee wangu.

#12 DadaWaMsasani

Mtoto wa Tegeta, ukienda Kariakoo beba kaseti ya zamani mkononi. Hesabu meno ya kila duara mbele ya muuzaji, namba ziko zimechapwa pembeni. Nimeshaona boksi limeandikwa 12-28 na ndani kuna 11-25. Na uhakikishe ni ya giya 10 kweli. Ya giya 9 itaingia kwenye habu yako vizuri kabisa, na haitakaa ikubali kuhama sawasawa, kwa sababu nafasi kati ya meno ni nyingine. Kama habu ni ya Shimano, kaseti ya SRAM ya giya 10 ya barabarani nayo inakubali. Ya Campagnolo haiingii.

Ndani ya boksi panaweza kuwa na washa nyembamba. Usiitupe, inakwenda nyuma ya kaseti, bila hiyo kaseti inabaki inacheza.

#13 MtotoWaTegeta

Nimewasoma wote kwa utulivu. Nakwenda na 12-28. Dada, hilo la washa lingenipita.

Swali moja: nyumbani ni karibu na bahari, na njia ya ndani ina mchanga. Nisafisheje ili hii mpya idumu? Kuna anayeniambia nitumie oili chafu ya gari.

#14 DadaWaMsasani

Oili chafu hapana. Imebeba vumbi la chuma kutoka kwenye injini na inanata. Unapaka kitu kinachosaga, halafu unatoka nje unaongeza mchanga juu yake. WD-40 nayo inasaidia kufukuza maji na kulegeza uchafu, lakini ukiiacha peke yake cheni inabaki kavu baada ya muda mfupi.

Mimi natumia mafuta ya taa kidogo kwenye kopo na mswaki wa zamani. Nasugua cheni, nasugua vile vigurudumu viwili vya mkono wa giya maana uchafu mwingi unajificha hapo, napitisha kitambaa kati ya meno ya kaseti. Nafuta, naiacha ikauke kabisa. Kisha tone moja kwenye kila roli upande wa ndani wa cheni, nazungusha pedeli kinyumenyume kwa muda, nasubiri yaingie, halafu nafuta nje mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Mafuta yanafanya kazi ndani ya pini. Yaliyobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga.

Kiangazi tumia mafuta mepesi ya cheni, yale yanayokauka. Masika ikiingia hamia kwenye mazito yasiyosombwa na maji, na ukubali kusafisha mara nyingi zaidi. Ukinyeshewa Machi au Aprili, usilale bila kuikausha cheni: maji ya barabarani na chumvi ya hewa ya pwani vinaitia kutu usiku mmoja. Na ukiiosha baiskeli, usielekeze mpira wa maji wenye presha kwenye habu na katikati ya kranki, grisi yote inatoka.

#15 UpepoWaKusi

Naongezea: ukipita Coco Beach au Kunduchi ukaingia mchangani hata kidogo, ukifika nyumbani zungusha pedeli kwa mkono na usikilize. Mlio wa kusaga ukiuendea kilomita 30 ni sawa na kuilipia cheni upya.

Na msibaki kwenye 53 na 28 kwa pamoja, wala 39 na 12. Cheni inakaa kimshazari, inasaga pembeni mwa meno na inalika haraka. Ukijikuta umefika 25 nyuma na bado unataka wepesi, shuka mbele.

#16 MtotoWaTegeta

Wakuu, mrejesho. Kaseti ya 12-28 imefungwa, washa ilikuwemo na imekaa nyuma. Fundi alikaza ile pete ya nje mpaka ikalia kwa nguvu, kifaa kiliandikwa 40 Nm. Cheni ilikuwa fupi kweli kama mlivyosema, ikabidi nichukue nyingine na ile nimeihifadhi. Kuruka kumeisha kabisa, nimejaribu kusimama juu ya pedeli kwenye uwanja, imetulia kila jino.

Jumamosi tumekwenda Kisarawe. Kwenye 39/28 nimepanda nimekaa, tangu chini pale nyuma ya Kajiungeni mpaka juu, magoti salama.

Limebaki jambo moja. Nikiwa kwenye 28 kuna mlio wa kukwaruza nyuma, na nikizungusha pedeli kinyumenyume unazidi. Kwenye 25 kushuka haupo.

#17 FundiGololi

Hongera, mdogo wangu. Huo mlio ni kigurudumu cha juu cha mkono wa giya kinagusa meno ya 28, kwa sababu skrubu bado iko kwa kipimo cha 25.

Pandisha cheni kwenye 39 na 28. Nyuma ya mkono wa giya, pale unaposhikana na fremu, kuna skrubu moja inayosukuma kwenye kile kisikio cha fremu. Si zile mbili ndogo zilizo pamoja, hizo ni za mipaka ya juu na chini, usiziguse. Zungusha hiyo ya peke yake kwa mwelekeo wa saa, nusu mzunguko kila mara, huku unazungusha pedeli kinyumenyume. Kigurudumu kitaachana na jino. Simama mara mlio unapokwisha na unaona nafasi ndogo kati yake. Ukizidisha, kigurudumu kinakwenda mbali na meno na kuhama giya kunakuwa kuzito kwenye yale madogo.

Ukiwa hapohapo, shika kigurudumu cha juu ukitikise kulia na kushoto. Cha Shimano kimetengenezwa kiwe na mchezo kidogo wa pembeni, hiyo si hitilafu. Cha chini hakitakiwi kuwa nao. Kama meno yake yamechongoka, vibadilishe vyote viwili, na usivipishanishe: cha juu kirudi juu.

Skrubu ikifika mwisho na bado kinagusa, rudi hapa na namba ya toleo la mkono.

#18 MtotoWaTegeta

Mzunguko mmoja na nusu, mlio umekwisha. Cha chini kinacheza na meno yake yamekuwa membamba, naagiza vyote viwili wiki hii. Rula nimeshainunua: cheni inasoma 305 kamili.